Rimu Nne Juu ya Jabali

Juzi nilikuwa stendi ya Nyegezi nasubiri mzigo wangu ushushwe kwenye basi la Dar. Nyuma ya vibanda vya chakula kijana mmoja alikuwa anapiga rangi mlango wa basi, na upepo ukaniletea usoni harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi. Tina kali, ile ya kwenye kopo lililoshinda juani. Macho yakanilowa. Yule kijana akazima mashine akasema, "Pole mama, sogea huku, usiivute hiyo." Nikamwambia asinipe pole, aendelee na kazi, na asubiri presha ijae kwanza, asiitese mashine vile. Akacheka, akadhani natania. Mzigo ukashushwa, nikaitwa, nikaitwa tena, wala sikusikia. Mwili ulikuwa Nyegezi, mimi nilikuwa uani kwetu, nyuma ya Mirongo, pale nyumba zinapoanza kupanda kwenye mawe.

Wa rika langu mnaikumbuka Mwanza ile. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa ghafla. Mitumba ikamwagwa chini, ukichagua unakanyaga shati la Mzungu. Viwanda vya minofu vikaota ufukweni, na sangara, samaki ambaye zamani watu walimdharau, akawa ndiye anayepanda ndege. Na magari madogo ya Japani yakaanza kuingia, yanang'aa, na rimu zake si zile za chuma cheusi tulizozoea kwenye malori. Ni za aloi, nyeupe kama sahani za harusini. Watu wazima walisema uchumi umefunguliwa. Sawa. Mimi nilichokiona kwa macho yangu ni gereji ya Baba kupigwa kufuli.

Baba alikuwa mpiga rangi wa malori kwenye gereji ya chama cha ushirika. Siku ilipofungwa waliambiwa kila mmoja abebe anachoweza. Wenzake walibeba majeki, vipuri, wengine viti vya ofisi. Baba alirudi akisukuma mkokoteni wenye kompresa kuukuu, na bunduki ya kupigia rangi ameizungushia ovaroli kama mtoto mchanga. Akaviweka uani, akaomba maji ya kuoga, akakaa. Alikaa wiki nyingi. Asubuhi anafuta vumbi kwenye kompresa, jioni anaifunika. Mama ndiye aliyetulisha. Alikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka kiwandani minofu ikishakatwa, akauza barabarani. Nguo zetu zote zilinuka samaki, na sikuona aibu, kwa sababu mtaa mzima ulinuka hivyo hivyo.

Usiri wa wazazi kwenye chumba kimoja ni jambo gumu. Niliwasikia wakitaja Magu, kwa bibi mzaa baba. Mama alikuwa anasema twende, Baba anasema ngoja. Mimi nilijua ni safari ya kutembea. Nikawa nasubiri viazi vya bibi.

Ndipo zikaja rimu. Mtu alizileta mchana kwenye mkokoteni, rimu nne za aloi na matairi yake, zimechubuka kwa kugonga mawe ya mji huu, rangi imebabuka kama ngozi ya mgonjwa. Baba alisimama. Nasema alisimama, kwa sababu sikuwa nimemwona akisimama vile tangu gereji ifungwe. Akazigeuza moja moja, akazipuliza, akapitisha kidole gumba kwenye kila uwazi.

Mimi nikaelewa palepale. Nikaelewa vibaya, lakini niambieni nani angeelewa vingine. Kwetu sikuwahi kuona mtu akijenga nyumba kwa mkupuo. Jirani ananunua tofali, zinakaa mpaka zinaota majani. Baadaye anapata saruji kidogo. Baadaye sana mabati, anayaweka chini ya kitanda kwa miaka. Ndivyo vitu vikubwa vinavyopatikana. Kwa hiyo nilipoona matairi manne yameingia uani, nikajua Baba ameanza kununua gari. Ameanza na chini, kama msingi. Bodi itafuata, injini itafuata, na safari ya Magu tutakwenda ndani ya gari letu.

Nikatangaza. Shuleni, kisimani, dukani, kila mahali. Mtaani kulikuwa na mvulana mmoja, Sitta, mdomo kama pilipili, nyumba yao ilipakana na yetu.

"Ee, wenye gari!" alipiga kelele kutoka juu ya mawe. "Injini inakuja lini?"

"Ikifika hupandi!"

"Nipande nini, tairi? Kabula, baba yako atawabeba au atawaviringisha?"

Nikamrushia kokoto. Sikumkosa.

Baba alianza kazi bila maneno mengi. Akaziosha, akazisugua kwa msasa na maji mpaka mikono yake ikawa ya kijivu kwa tope la aloi. Shida ilikuwa matairi. Hakuwa na kifaa cha kuyatoa kwenye rimu, na rangi ya bunduki haichagui, inapaka kila inachokutana nacho. Gereji walikuwa wanapaka grisi kwenye mpira, rangi ikidondokea pale inafutika kwa tambara. Grisi hatukuwa nayo. Lakini kopo la mafuta ya sangara lilikuwepo jikoni, limeganda, jeupe, zito. Baba akalitazama, akamtazama Mama. Mama akasema, "Chukua, ila kopo lirudi." Akayapaka matairi yote mpaka yakang'aa kuliko rimu zenyewe.

Akapiga rangi ya fedha. Jamani, nisiwadanganye, zilipendeza. Kisha akazibeba moja moja kwenda kwenye jabali nyuma ya nyumba. Lile jabali ndilo lililokuwa tanuri letu. Jua la mchana likishalikamata, huwezi kulikanyaga peku. Mama alikuwa akianikia hapo dagaa na muhogo. Baba alisema kiwandani Japani wanazioka rimu kwa umeme, sisi Mungu ametuwekea jiwe.

Tukarudi kivulini. Alipokwenda kuzigeuza nilimsikia akiguna, kama mtu aliyepigwa tumboni. Nikakimbia. Rangi ilikuwa imefanya vitundu vitundu, imejikusanya pembeni na kuacha aloi wazi katikati, rimu nzima kama mtoto mwenye tetekuwanga. Baba akagusa kwa kidole, akanusa.

"Sangara," akasema.

Jiwe lililotakiwa kukausha rangi ndilo lililoyeyusha mafuta. Yametoka kwenye mpira, yametambaa polepole mpaka kwenye rimu, na rangi haikai na mafuta.

Mama alikuja na mwiko mkononi. "Sasa sangara naye amekukosea nini?"

"Nimesema amenikosea?"

"Unaninusia kidole mbele ya macho yangu halafu unauliza umesema nini!"

Hapo ndipo mwenyewe alipotokea. Bwana Magesa, Mjita wa upande wa Musoma, wakala aliyekuwa akinunua samaki mialoni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, na kuwapelekea wa viwandani. Mtu mnene, mcheshi, ana sauti ya kushindana na injini ya boti. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, binti," huku akitazama kule jabalini. Mimi nikaona mgeni anayatamani matairi yetu. Nikasimama mbele yake.

"Usiguse, rangi mbichi. Ni ya gari letu."

"Ala! Mna gari?"

"Ndiyo."

"Liko wapi?"

"Bado. Tumeanza na matairi."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya kamba ya nguo. "Mwenzangu!" akamwita Baba. "Mimi nimekuja kuangalia rimu zangu, kumbe nimeshadhulumiwa na mwanao!" Akacheka tena. Kisha akafika kwenye jabali, akaona ile tetekuwanga, na kicheko kikakauka.

Alizungumza taratibu, na ilikuwa mbaya kuliko kama angepayuka. Jumamosi mdogo wake anaoa, gari lile ndilo la bwana harusi, na hivi sasa limekaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia. Atazifuata Ijumaa jioni. "Nikizikuta hivi nazibeba hivi hivi," akasema. "Nitazifunga hivi hivi. Na madereva wote wa kiwandani wakiniuliza nani kakufanyia haya, nitawaambia njia ya kufika hapa." Akaondoka bila kuaga.

Baba alibaki anatazama jabali. Mama aliingia ndani, na nilipomfuata nikamkuta ametandika shuka chini, anapanga juu yake sufuria, nguo, chandarua kilichokunjwa, vyote vya Magu. Nikauliza kwa nini tunabeba sufuria kwenda kutembea. Akaongeza mwiko juu ya shuka. Nikarudi kwa Baba.

Huwa nasema Baba hakuwahi kunitendea kama mtoto, na mfano wake ndio huu. Alichuchumaa, akaniambia moja kwa moja. Rimu si zetu. Gari hatuna wala hatununui. Kazi gereji imekwisha. "Hii ndiyo kazi ya kwanza kuletwa na mtu," akasema. "Ikiharibika hii, hakuna atakayeleta nyingine. Tutarudi Magu tukalime. Na kule shule iko mbali, Kabula. Nataka ubaki hapa usome. Ndiyo maana namwambia mama yako angoje."

Mnadhani nililia. Nilikasirika. Nilimkasirikia Magesa kwa kicheko chake, nikamkasirikia Sitta, nikayakasirikia yale mafuta yaliyotambaa kimyakimya. Hasira ya mtoto ni kitu kizuri ikipewa kazi. Nikamwambia Baba, "Tuzisugue tena."

Tukazisugua tena. Majivu ya jikoni na sabuni ya unga, maji ya kisimani, tambara, msasa. Majivu hukata mafuta, hilo Mama alilijua kwa sufuria zake, akalisema akiwa mlangoni bila kututazama. Tulisugua rimu na tairi pia, mpaka mpira ukalia chini ya kidole kama sahani iliyooshwa vizuri. Nilikuwa nikitoka shuleni navua sare, nashika msasa. Ncha za vidole vyangu zikaisha alama, zikawa laini kama karatasi.

Ile shida ya matairi ilikuwa inatusubiri palepale. Safari hii Baba alitoa upepo wote, akapanda juu ya tairi kwa miguu miwili, mpira ukashuka kidogo kutoka kwenye ukingo wa rimu. Ukatokea mfereji mwembamba. Alikuwa amekata vipande vya boksi la sabuni, vigumu, akitaka avichomeke mle ndani visimame kuzunguka rimu yote, rangi isivuke. Vidole vyake havikuingia. Vilikuwa vidole vya malori. Akajaribu kwa kisu, boksi likachanika. Akajaribu kwa kijiko.

"Nipe," nikasema.

Vyangu viliingia. Alipanda kwenye tairi, mimi nikachomeka kipande, kingine kikalalia cha kwanza kama vigae, kingine, kingine. Ukingo wa aloi ulikuwa na makali, ukanichana chini ya kucha. Nikanyonya damu nikaendelea. Nikimaliza mzunguko Baba anashuka, anainama, jicho usawa wa rimu. "Hapa umeacha." Anavichomoa vyote kutoka hapo alipoona. Sikujitetea. Hakunisifu wala hakunionea huruma, alinirekebisha kama anavyorekebishwa fundi, na nawaambia hakuna sifa niliyowahi kupewa baadaye iliyonifikia kama ile. Nje ya maboksi tukabandika magazeti kwa uji mzito wa muhogo, tairi lote likafunikwa, rimu ikabaki peke yake katikati, uso wa mtu aliyefungwa kilemba.

Ijumaa asubuhi nilikataa kwenda shule. Hakuna aliyenilazimisha. Baba akapiga rangi ya msingi, ikakauka, akapiga ya fedha, mkono wake unapita bila kusimama, rangi inakaa nyembamba, nyembamba tena. Hakuna kitundu hata kimoja. Tukazibeba kwa kushika chini, tukazilaza jabalini. Jiwe lilikuwa moto. Baba alikaa chini, nikamwona anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Upepo ukageuka.

Waliokulia ziwani wanajua ninachotaka kusema. Juu ya maji, mbali, kulikuwa na kitu kama moshi wa kahawia uliosimama wima, na sasa ulikuwa umeinama kuelekea kwetu. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wasiouma, wasio na kazi nyingine duniani isipokuwa kuja kwa mamilioni na kunasa kwenye chochote kilicho kibichi. Taa, macho, uji. Rangi.

"Mama Kabula!" Baba aliita, na sauti yake ilikuwa sauti ambayo sikuijua.

Kuziingiza ndani haikuwezekana, chumba kilikuwa na moshi wa mapanki. Kuzifunika kwa shuka haikuwezekana, lingegusa rangi. Mama alisimama mlangoni, akaliona wingu, akaziona rimu. Yeye ndiye aliyetaka tuondoke. Angesimama tu pale, angepata alichotaka, na hakuna mtu angemlaumu. Aligeuka akaingia ndani. Nikamsikia akipambana na fundo, alikuwa amelifunga lile furushi la Magu kwa nguvu za mtu asiyetarajia kulifungua mapema. Akatoka na chandarua.

Akashika pembe moja, Baba ya pili, mimi ya tatu. Ya nne ilikuwa inaburuzika. Juu ya mawe yake Sitta alikuwa anatazama, mdomo wazi.

"We mtoto!" Mama akamkaripia. "Umekaa hapo umekuwa mnara? Shuka ushike!"

Akashuka mbio. Tukakivuta chandarua kikakaza kama ngozi ya ngoma, juu ya rimu zote nne, hakigusi hata moja. Na wadudu wakafika. Sikuona tena ziwa wala mtaa. Waliingia puani, masikioni, kwenye nywele. Chandarua kikawa kizito, kikaanza kubonyea katikati, Baba akapaza mikono juu ya kichwa, sisi wote tukapaza.

"Vuta," Mama akasema kwa meno yaliyofungwa. "Msifungue midomo, mtawala hawa wadudu."

"Nimeshawala," akasema Sitta.

Nilikuwa peku. Jabali lilianza kunichoma nyayo, nikainua mguu huu, nikainua ule, chandarua kikayumba. Mama aliona. Alizisukuma kandambili zake kwa vidole vya mguu mpaka zikanifikia, akabaki yeye peku juu ya jiwe lile, na mikono yake haikushuka hata kidogo. Nyayo zake zilivimba siku kadhaa baadaye. Ukimuuliza, anasema ni mafuta ya kukaangia yaliyomrukia.

Wingu likapita kwenda mlimani. Tulipokiondoa chandarua, rimu tatu zilikuwa safi. Ya nne ilikuwa imewanasa wadudu wachache upande mmoja, na Baba alisema hiyo ifungwe nyuma kushoto, upande wa mtaro. Nikachomoa maboksi yangu. Ukingo ulitoka mnyoofu, fedha huku, mpira mweusi kule, kama umekatwa kwa wembe.

Jioni Bwana Magesa alikuja, akazizunguka. Alichuchumaa, jambo lililomgharimu kwa mwili ule, akapitisha kucha kwenye ukingo kuzunguka rimu nzima. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Haya, mwenye gari. Nazichukua. Unaniazima matairi yako niende harusini?"

"Usigonge mawe," nikamwambia.

Hakucheka safari ile. Alisema, "Sawa, fundi."

Mama hakutangaza kwamba hatuendi tena Magu. Nilijua Jumapili nilipoziona sufuria zimerudi kwenye rafu.

Jumatatu nilivaa sare, nikafunga begi. Nilipofungua mlango nikakuta rimu. Si nne. Zilikuwa zimepangwa mpaka kwenye mtaro, na madereva wawili wa kiwandani wamechuchumaa pembeni wanapiga mswaki kwa vijiti, wakimngoja Baba. Baba alikuwa ameshaanza. Alikuwa juu ya tairi la kwanza, ameinama, anajaribu kuchomeka kipande cha boksi kwa kijiko, na boksi linachanika, anachukua lingine, linachanika.

Aliniona. "Nenda, utachelewa," akasema, akarudi kwenye kijiko chake. Alikuwa anamaanisha. Huyu ni mtu aliyepigana tubaki mjini ili nisome.

Nilifika mpaka barabarani. Nawaambieni, hakuna aliyeniita. Hakuna mtu wa kumsingizia kwamba aliniachisha shule, wala sitaki wa kumsingizia. Nilisimama pale nikawatazama watoto wenye sare kama yangu wakishuka, Sitta akiwa katikati yao akinipungia mkono niharakishe. Nikarudi. Nikaingia ndani, nikavua sketi, nikaikunja vizuri nikaiweka juu ya kitanda, maana rangi haitoki kwenye kitambaa. Nikavaa gauni la kukaangia la Mama, nikalikunja mikono. Baba alipoinua macho nilikuwa nimeshakaa chini mbele ya tairi.

"Panda," nikamwambia. "Na ukanyage sawasawa."